Sarafu za Merikebu ya Concepción

Reale hizi za fedha ni za merikebu ya Kihispania, Nuestra Señora de la Concepción. Mwaka 1641 ilipigwa na kimbunga, ikapanda mwamba na kuzama kaskazini mwa kisiwa cha Hispaniola.

Tazama kingo: si duara kamili. Kila sarafu ilikatwa kwa mkono, ikagongwa muhuri kwa nyundo. Weusi wake ni kazi ya bahari.

Mwaka 1687 wazamiaji wa nahodha William Phips, wakibana pumzi, waliopoa takriban tani 30 za fedha. Mwaka 1978 Mmarekani Burt Webber aliyapata tena mabaki, akitumia kifaa cha kutambua chuma chini ya matumbawe.

Sarafu hizi zimehifadhiwa ili zisimulie safari iliyokatizwa.