Amana ya Maandishi Katika Kompyuta

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ulizaliwa dukani na sokoni, lakini leo unaihusu kompyuta kuliko kitu kingine chochote, kwa maana mashine hiyo imekuwa daftari la dunia. Hesabu za benki, habari za wagonjwa, matokeo ya mitihani na fedha tunazotumiana kwa simu, zote zimeandikwa humo. Basi yatupasa tuulize swali moja: kompyuta isemapo, "Nimekwisha kuandika," je, imeandika kweli? Swali hilo lina historia ndefu, na historia yake ni historia ya ahadi.

Ili tuielewe, tumtazame kwanza karani wa duka kubwa. Wateja wamejipanga mbele yake. Daftari kuu limo katika chumba cha nyuma, na kulifikia ni mwendo. Karani akienda huko kwa kila kibaba cha sukari, wateja watakesha. Kwa hiyo huandika kwenye kipande cha karatasi kilicho mezani, humwambia mteja, "Nenda, imeandikwa," na jioni huzikusanya karatasi zote akayahamishia yaliyomo katika daftari. Kazi yaenda mbio. Lakini upepo ukizipeperusha karatasi kabla ya jioni, deni la mtu limepotea wala hakuna ajuaye.

Kompyuta nayo ina meza yake na chumba chake cha nyuma. Meza ni kumbukumbu ya umeme, iliyo nyepesi sana, lakini umeme ukikatika hufutika yote iliyokuwa nayo. Chumba cha nyuma ni diski, ambayo huhifadhi maandishi hata mashine ikizimwa. Diski ya kwanza ya biashara ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mnamo Septemba 1956. Ilikuwa na sahani 50 zilizopakwa dawa ya sumaku, uzito wake ulikaribia tani moja, na uwezo wake ulikuwa herufi milioni 5 tu. Mkono wake ulihitaji zaidi ya nusu ya sekunde, kwa wastani, kuyafikia maandishi. Kwetu sisi nusu sekunde ni kupepesa jicho. Kwa kompyuta ni siku nzima ya kungoja.

Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, wa maabara ya Bell huko Marekani, walianza kuutunga mfumo wa uendeshaji ulioitwa Unix. Mfumo wa uendeshaji ndio msimamizi wa mashine nzima. Programu ikitaka kuandika, haina budi kupitia kwake. Unix ulifanya kama karani wetu. Uliyapokea maandishi, ukayaweka katika akiba ya muda ndani ya kumbukumbu, ukaiambia programu iendelee na kazi. Kisha programu ndogo iliamka kila baada ya sekunde 30, ikatoa amri iitwayo sync, na yote yaliyokuwa katika akiba yakapelekwa diskini. Kazi hiyo ya kuhamisha tutaiita kumimina akiba.

Lakini amri hiyo ilikuwa na upungufu. Iliagiza maandishi yapelekwe, ikarudi na jibu kabla hayajafika. Ndiyo sababu wasimamizi wa mashine za siku zile walikuwa na desturi ya kuiandika mara tatu, mstari kwa mstari, kabla ya kuzima. Mtu asiyejua angedhani ni uganga. Kumbe muda uliotumika kuandika amri ya pili na ya tatu uliipa diski nafasi ya kuimaliza kazi ya kwanza! Mwaka 1983 wataalamu wa chuo kikuu cha California, huko Berkeley, walitoa Unix yao yenye amri nyingine, fsync. Hii ilihusu faili moja tu, tena haikurudisha jibu mpaka maandishi ya faili hiyo yamekabidhiwa diski. Hapo ndipo programu ilipopata njia ya kudai ahadi ya kweli.

Pengine msomaji atadhani kwamba shida ilikoma hapo. Haikukoma, kwa maana diski zenyewe zilipewa akiba zao. Karani wa mbele alipeleka karatasi chumba cha nyuma, kumbe huko nako palikuwa na karani wa pili mwenye meza yake! Diski ilisema, "Nimepokea," ilhali maandishi yalikuwa bado katika kumbukumbu yake ndogo ya umeme. Zaidi ya hayo, iliyaandika kwa utaratibu iliopenda yenyewe, ili mkono wake usihangaike huku na huko. Kampuni ya Microsoft iliona matokeo yake katika mfumo wake wa Windows 98. Kompyuta mpya zilikuwa nyepesi kiasi cha kujizimia umeme kabla diski haijaimimina akiba yake, na maandishi yakapotea. Kampuni ililazimika kutoa marekebisho ya kuchelewesha kidogo kuzima kwa mashine.

Utaratibu wa kuandika nao ni jambo kubwa. Mwaka 2001 mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ulipokea namna ya kupanga faili iitwayo ext3. Hiyo huweka shajara: kabla ya kubadili faili, huandika kwanza mabadiliko katika shajara, kisha hutia alama ya mwisho, mfano wa muhuri chini ya hati. Umeme ukikatika, mashine ikiwaka tena huisoma shajara. Penye muhuri hufuata, pasipo na muhuri hupuuza. Ni busara njema. Lakini tufikiri: ikiwa diski imeuandika muhuri kwanza na maneno ya hati baadaye, kisha umeme ukakatika katikati, mashine itaamini hati iliyo tupu.

Ili kuzuia hayo, watunzi wa Linux waliweka vizuizi, yaani kazi zote zilizotangulia zimalizike kabla ya kizuizi, na zilizofuata zingoje nyuma yake. Vizuizi vilileta usalama, lakini vilisimamisha hata kazi zisizohusika, kama barabara nzima inayofungwa ili gari moja lipite. Katika toleo la Januari 2011 utaratibu huo uliondolewa. Sasa mpangaji wa faili hungoja yale tu yanayomhusu, kisha huiamuru diski imimine akiba yake. Au hutuma andiko moja lenye sharti kwamba lisijibiwe mpaka limefika mahali pa kudumu.

Hata hivyo ubishi uliendelea. Mwaka 2009 watu waliotumia ext4, mrithi wa ext3, waliona kwamba mashine ikianguka ghafla, faili zilizoandikwa karibuni zilibaki na jina bila neno hata moja ndani. Mfumo mpya ulikawia kuchagua mahali pa kuyaweka maandishi, na programu nyingi zilikuwa hazitumii fsync. Theodore Ts'o, mtunzi wake mkuu, alieleza kwamba programu isiyodai ahadi haikuahidiwa kitu. Lakini aliongeza marekebisho ya kuwalinda watu hao.

Mwaka 2018 likazuka jambo zito zaidi. Watunzi wa PostgreSQL, programu kubwa ya kutunza kumbukumbu za hesabu na habari, waligundua kwamba katika Linux diski ikishindwa kuandika, fsync ya kwanza ilileta habari ya kushindwa. Lakini ikirudiwa, iliweza kujibu kwamba mambo ni salama, ilhali maandishi hayakufika kamwe. Kwa muda wa miaka mingi walikuwa wameitegemea amri hiyo kwamba ikirudiwa itajaribu tena. Mwaka 2019 walitoa matoleo yanayosimama mara moja fsync ishindwapo, yakaanza upya kwa kuisoma shajara. Waliona ni heri kusimama mbele ya watu wote kuliko kuendelea na daftari lenye uongo.

Twaona basi kwamba katika safari hii yote hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja, tangu programu hata diski, alitaka kuharakisha kazi, akasema "tayari" mapema kidogo, akitumaini kwamba aliye nyuma yake atamaliza. Haraka hiyo si dhambi. Bila akiba kompyuta zetu zingekwenda kwa mwendo wa konokono. Kosa huanza pale mpokeaji wa amana anapoificha tofauti iliyopo kati ya kupokea na kuhifadhi. Ninyi vijana mtakaotunga mifumo ya kesho, au kushika tu daftari la chama cha kijiji, mtakutana na tofauti hiyo kila siku. Neno "nimepokea" ni neno jema, na neno "nimehifadhi" ni neno jema. Lakini si neno moja, na mwaminifu hasemi la pili mpaka amelitimiza.