Mguno wa Njiti

Mtu mzima akiguna, tunajua hajaridhika na jambo fulani. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake naye huguna, kila anapotoa pumzi. Kwa miaka mingi mguno huo ulisikika wadini kama tangazo la msiba. Kifua kinabonyea, pua zinatanuka, mtoto anaguna usiku kucha, halafu ananyamaza. Akinyamaza hivyo, mara nyingi habari ilikuwa imekwisha.

Wala haikuwa habari ya maskini peke yao. Tarehe 7 Agosti 1963, mkewe Rais John F. Kennedy wa Marekani alijifungua mtoto wa kiume wiki tano na nusu kabla ya wakati. Walimwita Patrick. Alikuwa na uzito wa kilo 2.1 hivi, uzito ambao leo haumtishi sana muuguzi aliyezoea njiti. Alikimbizwa Boston, akawekwa katika chumba cha oksijeni yenye shinikizo kubwa. Fedha zilikuwepo, madaktari walikuwepo, lakini tarehe 9 alikuwa ameshaaga dunia. Baba yake alitawala taifa lililokuwa likijiandaa kumpeleka mtu mwezini, ila hakuna aliyejua namna ya kumsaidia mtoto huyo kupumua.

Sababu ya ugonjwa wenyewe ilikuwa imeshajulikana. Mwaka 1959, Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba mapafu ya watoto hawa yamepungukiwa na utando laini uitwao safaktanti, unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Hebu fikiria puto. Kulipuliza mara ya kwanza mashavu yanauma. Likishakuwa na hewa kidogo ndani, pumzi inayofuata haina taabu. Sasa mtoto asiye na safaktanti ya kutosha analazimika kuanza puto upya kila anapovuta pumzi, mara sitini au zaidi kwa dakika. Anachoka. Anakufa kwa uchovu.

Na mguno je? Jibu lilitoka Afrika, jambo ambalo husahaulika sana historia hii inaposimuliwa. Mwaka 1968, madaktari Harrison, Heese na Klein wa Cape Town walichapisha utafiti kuhusu watoto wanaoguna. Walipopitisha mrija kooni, mtoto hakuweza kuguna tena, na oksijeni katika damu yake ikashuka. Mrija ulipotolewa, akaanza kuguna na oksijeni ikapanda. Kumbe mtoto hakuwa akilalamika tu! Alikuwa anabana koo makusudi ya mwili, ili hewa isitoke yote na vifuko visifunge. Alikuwa anajitibu mwenyewe, kwa nguvu chache alizobakiwa nazo.

Huko San Francisco, George Gregory na wenzake walichukua wazo hilo na kulifanyia kazi: ikiwa mtoto anabana hewa kwa koo lake, mbona tusimbanie sisi, yeye apumzike? Mwaka 1971 walitangaza matokeo. Kati ya watoto 20 waliosaidiwa kwa shinikizo la hewa lisilokatika, 16 walipona. Mwanzoni wengi walipitishiwa mrija hadi kwenye njia ya hewa. Miaka michache tu baadaye vikaja vijimrija vifupi vya puani, bila kuingiza chochote kooni. Ndiyo hiyo CPAP ambayo wauguzi wetu huitamka sipapu.

Namna rahisi kuliko zote ni ya mapovu, ambayo Jen-Tien Wung aliishikilia kwa miaka mingi huko New York. Hewa yenye oksijeni inapita puani, na ncha ya mrija wa kutolea inazamishwa katika chupa ya maji. Ikizama sentimita 5, shinikizo ni la sentimita 5 za maji. Ukitaka kuongeza, unazamisha zaidi. Mapovu yakikoma, ujue kuna mahali hewa inavuja.

Chupa, maji na mrija: utadhani kitu cha namna hiyo kingefika kwetu upesi. Wapi! Mashine za kiwandani ziliuzwa kwa maelfu ya dola, na hospitali nyingi za Afrika zikabaki na oksijeni ya kawaida tu. Ndipo Chuo Kikuu cha Rice, Texas, kikishirikiana na Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, kikaunda mashine ya bei nafuu kwa kutumia pampu za hewa kama zile za matangi ya samaki. Waliiita Pumani, neno la Kichewa ambalo Mswahili halihitaji mkalimani: pumueni. Katika utafiti uliochapishwa 2014, asilimia 71 ya waliowekwa kwenye mapovu walipona, na asilimia 44 ya waliopewa oksijeni pekee. Watoto walikuwa wachache na hawakugawanywa kwa bahati nasibu, lakini pengo hilo si dogo.

Tusishangilie chupa peke yake, hata hivyo. Mwaka 2019, utafiti mwingine wa Malawi, safari hii kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka mitano wenye nimonia kali katika hospitali ya wilaya, ulionyesha kwamba waliowekewa mapovu walikufa wengi zaidi kuliko waliopewa oksijeni ya kawaida. Hao hawakuwa njiti, mapafu yao yalikuwa na shida nyingine, na hakukuwa na daktari wa kuwasimamia kila siku. Mbinu ni ile ile. Mgonjwa na wadi ndivyo vilivyobadilika.

Kwa hiyo kaunti inapotangaza kwamba imenunua mashine za sipapu, swali la kuuliza si idadi yake. Uliza usiku wa manane muuguzi mmoja anaangalia watoto wangapi, stima ikipotea jenereta inawaka baada ya dakika ngapi, na ni nani anayetazama kama mapovu bado yanatoka. Mtoto aliye kwenye mashine haguni tena. Amemwachia mtu mwingine kazi hiyo, na mtu huyo hana budi kuwa macho.