Mapambo ya Mbao na Shaba katika Nyumba za Pwani

Historia ya mahali petu haikamiliki bila kuwataja maseremala. Atokaye Makorora kwenda Pangani atakuta milango ya kale yenye nakshi. Mlango una mbao mbili. Katikati husimama mfaa, mti uliochongwa kwa ustadi na kupigiliwa juu ya ubao mmoja ili ufunike mwanya. Ni pambo, lakini lina kazi.

Ndani palikuwa na kasha la njumu, lililopambwa kwa mabamba na misumari ya shaba. Makasha mengi yaliletwa kutoka Bara Hindi. Humo zilihifadhiwa nguo na hati za ukoo. Mengi yameuzwa kwa wageni, na milango vilevile. Yaliyosalia yaorodheshwe upesi, wangalipo mafundi wawezao kuyatengeneza.