Shubiri Yenye Maua ya Njano: Ilikotoka na Namna ya Kuitambua



Mwaka jana biharusi mmoja alikuja kujaribu gauni lake siku nne kabla ya harusi. Shingo nyekundu, imejaa vipele. Ndugu yake alikata jani nyuma ya nyumba akamsugua nalo vile vile, utomvu na vyote, akisema ni shubiri. Usiku ule nikakaa na cherehani kumpandishia gauni kola ndefu. Tangu hapo nikawa najiuliza: hii shubiri tunayojipaka ndiyo ile ya bibi zetu?

Jibu ni kuwa jani ni moja, lakini vitu ni viwili. Chini ya ganda kuna utomvu wa njano, mchungu. Ndani kabisa kuna ute mweupe unaopitisha mwanga. Kwa karne nyingi, kilichoitwa shubiri sokoni ni ule utomvu uliokaushwa ukawa mabonge. Ndio mama zetu waliopaka kwenye ziwa ili mtoto aache kunyonya, ndio maana tunasema "chungu kama shubiri". Waarabu huuita sabir, mzizi mmoja na sabr, yaani subira. Katika Sahih Muslim imo habari ya mtu aliyeumwa macho akiwa kwenye ihramu, akaelekezwa ayatibu kwa sabir.

Biashara yake ni ya kale. Periplus, kitabu cha mabaharia cha karne ya 1, kinaitaja shubiri pamoja na ubani kati ya bidhaa zilizotoka bandari ya Qana, kusini mwa Arabuni. Kisiwa cha Socotra kikapata sifa kwa shubiri yake, na majahazi yakaisambaza. Hata sisi tumo: wauza dawa wa Uingereza walikuwa na aina waliyoiita "shubiri ya Zanzibar", ikisafirishwa imefungwa kwenye ngozi za wanyama. Haikuwa imeota kwetu. Ilichukua jina la bandari tu.

Ile ya majumbani, Aloe vera, wataalamu huiweka asili yake kaskazini mwa Oman. Jamaa zake wa Afrika ni mamia, na wengi wa Afrika Mashariki hutoa maua mekundu au ya rangi ya chungwa. Kwa hiyo subiri ichanue. Aloe vera ina maua ya njano, membamba kama vibomba, yameinama chini kwenye kikonyo kirefu. Lakini ua pekee lisikudanganye, angalia na jani: nene, kijani cha kijivu, lina vijino vidogo laini pembeni, na mche mchanga huwa na madoa meupe. Ukiona jani gumu, lina nyuzi na mwiba mkali nchani, huo ni mkonge au ndugu yake. Maji yake yanawasha. Kaa mbali.

Kuipanda ni rahisi. Ng'oa kichipukizi pembeni ya mama yake, kiache kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, kisha kipande kwenye chungu chenye tundu, udongo uliochanganywa na mchanga. Mwagilia udongo ukikauka tu. Masika kisogeze chini ya baraza, maana maji yakituama mizizi huoza.

Ukikata jani, lisimamishe kwenye bakuli robo saa, ule unjano uchuruzike. Lioshe, menya, chukua ute peke yake. Jaribu kidogo ndani ya mkono, ngoja siku nzima, na ufanye hivyo wiki kadhaa kabla ya singo. Kuinywa ni habari nyingine. Utomvu huo huendesha tumbo kwa nguvu. Mwaka 2002 Marekani iliuondoa kwenye dawa za choo zinazouzwa bila cheti cha daktari. Mwenye mimba na anayenyonyesha asiuguse mdomoni.

Biharusi wangu aliolewa, alhamdulillah, na kola ikasifiwa. Lakini siku ya kutolewa nje shingo yake ilikuwa bado inamuwasha, naye anatabasamu mbele ya wageni. Bibi zetu waliijua shubiri kwa uchungu wake. Sisi tuijue kwa ua lake, jani lake, na kwa kusubiri ule unjano utoke.

Allah awape mabiharusi wetu ndoa za kheri. Amin.