Kubadili bomba la moshi kwenye pikapu ya zamani: Moshi uishie wapi?

Pikapu za Toyota Hilux zilizotengenezwa miaka ya 1980 na 1990 bado zinabeba mizigo mijini, na bomba la moshi, yaani ekzosi, ni miongoni mwa sehemu zake zinazooza mapema. Gari likifanya safari fupi fupi, maji yanayotokana na kuungua kwa mafuta hubaki ndani ya sailensa na kula bati. Mwenye gari anapofika kwa fundi wa kuchomelea, mara nyingi hushauriwa kuondoa sailensa, kuweka bomba pana na kulitokeza ubavuni, nyuma tu ya mlango. Huambiwa kuwa gari litapata nguvu.

Dai hilo la nguvu lina ukweli mdogo. Injini za dizeli za 2L na 3L, zenye ujazo wa takriban lita 2.4 na 2.8, zile zisizo na turbo, huvuta hewa kwa pistoni peke yake, na hewa hiyo ndiyo kikomo cha mafuta zinayoweza kuunguza. Bomba la kipenyo cha milimita 50 hadi 57, lisilobonyea kwenye kona, hutosha. Likizidi hapo, kinachoongezeka zaidi ni kelele. Moshi mweusi chanzo chake kitafutwe kwenye nozeli, pampu au kichujio cha hewa, na moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ekzosi mpya haitibu ugonjwa wa injini.

Jambo zito zaidi ni mahali bomba linapoishia. Pikapu ikiwa mwendoni, hewa huzunguka nyuma ya kebini na kurudisha moshi kwenye bodi na madirishani. Ndani yake mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, mambo ambayo dereva huyahesabu kuwa uchovu wa kawaida. Injini za petroli huitoa kwa wingi kuliko dizeli. Moshi wa dizeli nao ulitajwa mwaka 2012 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuwa unasababisha saratani. Wanaouvuta kwanza ni vibarua walioketi juu ya mzigo, na hao hakuna aliyewauliza kuhusu bomba hilo. Kwa hiyo bomba lipite chini ya bodi yote na litokee nyuma kabisa, mbali na mipira ya breki, nyaya na bomba la mafuta.

Kosa jingine ni kulichomelea moja kwa moja kwenye chesesi. Injini imekalia raba na hutikisika. Bomba lisiponing'inizwa kwa raba, hupasuka karibu na manifoldi, chini ya miguu ya dereva. Raba hizo ni rahisi, na kuziacha ni ubahili usio na maana.

Bomba la maji la galvanaizi, ambalo hutumiwa kwa kuwa linapatikana kirahisi, lisichomelewe. Zinki yake hugeuka mvuke unaompa fundi homa na baridi saa chache baadaye, hata adhani ni malaria. Maziwa wanayokunywa mafundi wengi hayasafishi mapafu. Kabla ya kuchomelea, waya za betri zifunguliwe ili kulinda alternata.

Kazi ikikamilika, injini iwashwe ikiwa baridi na mtu azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache. Penye tundu patasikika mfoko wa hewa. Ukaguzi urudiwe baada ya wiki mbili, kwa kuwa mivujo mingine hujionyesha baadaye kwa masizi meusi kwenye maungio.