Buigiri: Mkono Ulitangulia Ulimi

Shule ya Wasioona Buigiri, iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950 karibu na Chamwino mkoani Dodoma, haikuitwa kituo cha tiba. Hata hivyo, historia ya tiba kwa vitendo kwa watoto wa Ugogoni, nchi ya Wagogo, ingefaa ianzie hapo. Mtoto anayetoboa nukta nundu kwa kalamu ya chuma, akianzia kulia ili karatasi ikigeuzwa isomeke kutoka kushoto, anazoeza vidole, mkao na subira. Mtu atasema hiyo ni elimu tu. Sawa, lakini mtaalamu wa leo wa tiba kwa vitendo naye huanzia kwenye vidole hivyohivyo. Mkono ulipata nafasi hiyo, ulimi haukuipata: aliyesahaulika ni mtoto aliyechelewa kusema. Trakoma, ugonjwa wa macho ulioisumbua Kongwa miaka mingi, ilionekana jichoni, lakini kuchelewa kusema kuliachwa kwa matumaini kwamba umri ungekuondoa.