Programu saidizi za mashabiki na hakimiliki ya michezo ya mezani

Programu saidizi ya mashabiki ni programu ya simu au kompyuta inayotungwa na wachezaji wenyewe, bila kuagizwa na mchapishaji, ili kurahisisha mchezo unaochezwa mezani kwa karata, dadu, ubao au sanamu ndogo. Kazi yake kwa kawaida ni ya kikarani: kujumlisha alama, kufuatilia uhai uliombakia mhusika, kupanga jeshi lisizidi pointi zilizowekwa, au kumpatia mchezaji kanuni anayoitafuta bila kupekua kitabu kizima. Asiye na mchezo wenyewe hana la kufanya nayo. Hata hivyo watungaji wake hupokea barua za mawakili, na wengi hutii bila kuuliza barua imesimama juu ya msingi gani. Kuuliza kama programu “imetumia mchezo wa mtu” hakufikishi mbali. Programu moja hubeba vitu vya aina kadhaa, baadhi vina mwenyewe na baadhi havina, na mpaka kati yao hupita ndani ya skrini moja.

Kisicho na mwenyewe, kwa upande wa hakimiliki, ni utaratibu. Mwaka 1879 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Baker dhidi ya Selden, iliyohusu kitabu cha kufundisha mfumo wa kuweka hesabu za biashara. Mahakama ilisema hakimiliki inalinda maelezo yaliyomo kitabuni. Mfumo wenyewe yeyote anaweza kuutumia. Kanuni hiyo iliingizwa katika sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1976, kifungu cha 102(b), na katika ibara ya 9 ya mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ambalo Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama wake. Kwa michezo, mfano ulio wazi zaidi ni wa 2016 huko Texas. Mchapishaji wa Bang!, mchezo wa karata kutoka Italia wenye mkuu wa polisi na majambazi wa Marekani ya zamani, alishtaki kampuni iliyotoa mchezo wenye majukumu na nguvu zilezile, ila wahusika wake ni wa Uchina ya kale. Alishindwa, kwa kuwa kilichochukuliwa kilikuwa namna mchezo unavyoendeshwa. Ikiwa mshindani anaweza kuuza mchezo kamili kwa namna hiyo, ni vigumu kuona kosa la programu inayojumlisha alama tu.

Ugumu huanza programu inapobeba yaliyomo kwenye karata na vitabu. Chukua uchawi uitwao Fireball katika mchezo wa Dungeons & Dragons, toleo la tano. Ni wa daraja la 3, hufika umbali wa futi 150, hulipuka kwa nusu kipenyo cha futi 20, na madhara yake ni jumla ya dadu 8 za pande 6. Anayefaulu kujikinga huumia nusu. Hayo ni maagizo ya kuhesabia, wala hayana njia nyingi za kusemwa. Katika kesi ya Morrissey ya 1967, iliyohusu kanuni za bahati nasibu ya matangazo, mahakama ya rufaa ya Marekani ilikataa kulinda hata maneno ya kanuni, kwa sababu njia za kulisema jambo hilo zilikuwa chache mno na kuzilinda kungekuwa sawa na kumilikisha utaratibu. Lakini kitabu hakiishii kwenye tarakimu. Kinaeleza pia jinsi mwale wa mwanga unavyotoka kwenye kidole na kugeuka mlipuko, na sentensi hiyo ni ya mwandishi sawa na sentensi ya riwaya. Programu inayoandika tarakimu kwa lugha yake iko mahali salama zaidi kuliko ile iliyonakili aya nzima.

Pingamizi zito dhidi ya hoja hii linatoka kwenye televisheni. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa jijini New York ilimhukumu mchapishaji wa kitabu cha chemsha bongo chenye maswali 643 kuhusu kichekesho cha Seinfeld. Alijitetea kwamba alikusanya taarifa tu. Mahakama ilijibu kwamba yanayotokea katika hadithi si taarifa za ulimwengu. Yamebuniwa, na ubunifu ndio unaolindwa. Je, si vivyo hivyo kwa dadu 8 za Fireball? Si sawasawa. Jibu la swali la Seinfeld ni kipande cha hadithi, ilhali tarakimu ya uchawi ni sehemu ya mashine ya mchezo, na mashine hakimiliki haiigusi. Nakubali hata hivyo kwamba hoja hudhoofika kadiri orodha inavyorefuka: mamia ya viumbe, kila mmoja na majina, silaha na historia yake, ni uteuzi wenye ladha ya mtu. Kikokotoo kina nafasi nzuri zaidi mbele ya jaji kuliko katalogi kamili.

Kiasi kilichonakiliwa ndicho kilichoiangusha Harry Potter Lexicon mwaka 2008. Jaji alikubali kwamba kitabu cha marejeo kuhusu riwaya kina manufaa yake na mwandishi wa riwaya hana haki ya kuhodhi soko la miongozo ya aina hiyo, lakini akakizuia kwa kuwa kilibeba maneno mengi ya J. K. Rowling kuliko yaliyohitajika. Fidia ilikuwa dola 6,750, na mwaka uliofuata toleo lililorekebishwa lilichapishwa. Hukumu hiyo inajibu pia wachapishaji wanaodai kwamba programu ya mashabiki inawaharibia soko. Soko lipo kweli: mwaka 2022 Hasbro ilitangaza kuinunua D&D Beyond, zana ya kidijitali ya wachezaji wa Dungeons & Dragons, kwa dola milioni 146.3. Lakini hasara inayohesabika ni ya kile ambacho sheria imempa mwenye haki, na kujumlisha alama hakumo. Wala shabiki asijifiche nyuma ya neno “bure”. Kutotoza pesa ni jambo moja tu kati ya yanayopimwa.

Jina ni suala la sheria nyingine. Ndugu wawili wa Kolkata waliotunga Scrabulous, mchezo wa mtandaoni unaofanana na mchezo wa maneno wa Scrabble, walishtakiwa na Mattel mbele ya Mahakama Kuu ya Delhi. Mwaka huohuo wa 2008 dai la hakimiliki juu ya ubao lilikataliwa, lakini walizuiwa kutumia jina lililofanana na alama ya biashara ya Scrabble.

Wachapishaji wenyewe wameweka masharti yanayotofautiana sana. Miongozo ya Games Workshop ya 2021 inataka programu zinazotokana na wahusika na ulimwengu wake zitungwe kwa leseni tu. Wizards of the Coast, mchapishaji wa Dungeons & Dragons, baada ya mashabiki kupinga rasimu ya leseni mpya, ilitoa tarehe 27 Januari 2023 hati ya kanuni ya takriban kurasa 400 chini ya leseni huria ya Creative Commons, ambayo yeyote anaweza kuitumia, hata kibiashara, mradi amtaje mwenyewe. Takwimu za kiumbe aitwaye beholder hazimo, na uchawi wa Bigby's Hand umo kwa jina la Arcane Hand.

Mara nyingi mzozo haufiki kwa jaji. Chini ya sheria ya Marekani ya 1998, duka la programu likipata taarifa ya ukiukaji wa hakimiliki huiondoa programu ili lisibebe lawama. Mtungaji anaweza kupinga, na mlalamikaji asipofungua kesi ndani ya siku 10 hadi 14 za kazi, programu inaweza kurudishwa. Lakini pingamizi hilo humtaka aandike jina na anwani yake na akubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya Marekani, hata kama anaishi Nairobi au Mwanza.